Punje Ndani ya Simba wa Shaba

Jumanne, tarehe 14 Julai 1998, saa mbili na robo asubuhi, manyunyu ya baridi yalikuwa yakidondoka juu ya mabati ya Kambi Muru, mepesi kiasi cha kutosikika na ya kutosha kumlowesha mtu hadi kwenye mfupa, Chege alipoingia na vijana wawili kibandani mwa Wekulo, mfua shaba, na kuwaamuru wang'oe jiliwa.

"Hiyo hapo," alisema, akionyesha chuma kizito cha kubania vitu, kilichofungwa kwa nati kwenye meza ya kazi. "Anzeni na za nyuma."

Wekulo alikuwa ameshika tupa mkononi. Hakuinyanyua wala hakuiweka chini. "Bwana Chege, mtu husalimu kwanza."

"Salamu utazipata nikipata chipu yangu."

"Chipu gani?"

"Msikieni. Eti chipu gani."

Mbele ya kibanda kile, ng'ambo ya mtaro, palikuwa na mfereji wa maji wa Mama Mercyline, na saa hiyo foleni ya mitungi ilikuwa imefika kwenye ukuta wa kanisa. Wanawake waliacha kuzungumza. Chege, mwenye bucha kule Riruta Satellite, mtu mnene wa sauti iliyozoea kuita wateja kutoka upande wa pili wa barabara, aligeuka akawaelekea wao.

"Huyu ni mwizi," alisema. "Mleteeni vitu vyenu mkitaka aviibe. Mimi nimempa ufunguo wa gari, akautoa moyo akanirudishia ganda."

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi. Chege alikuwa na gari jeupe alilouziwa na Mwingereza mmoja wa shirika la misaada aliyekuwa akirudi kwao. Alilikodisha kwa maharusi na kwa wagonjwa. Lilikuja na ufunguo mmoja tu, na rimoti ya milango kando yake. Wiki iliyotangulia ufunguo ule ulianguka, ukakanyagwa, kichwa chake cha plastiki kikapasuka. Chege, ambaye alikuwa ameona vinyago vya shaba vya Wekulo kwenye meza ya mke wa fundi huyo katika Soko la Toi, aliamua kwamba mtu wa hadhi yake hawezi kufunga ufunguo kwa utepe. Alitaka kichwa cha shaba, na kiwe simba. Ijumaa alikabidhiwa simba wake, akamsifu, akalipa. Jioni hiyohiyo gari liliwaka, likanguruma kwa muda wa pumzi mbili, likazimika. Tangu siku hiyo lilikuwa likifanya vivyo hivyo: linawaka, linakufa.

Fundi wa jirani, Muia, alifungua pampu ya petroli, akabadilisha plagi, akasafisha kila alichoweza kukifikia, asiambulie kitu. Jumatatu gari likavutwa hadi kwa kampuni moja kubwa ya magari mjini. Huko walichomeka mashine, mashine ikauuliza ufunguo jina lake, ufunguo ukanyamaza. Walimwambia Chege kwamba magari ya siku hizi huweka chipu ndani ya kichwa cha ufunguo, na kwamba injini isipoisikia chipu hiyo hujizima yenyewe. Kutengeneza ufunguo mwingine kulihitaji namba ya siri iliyokuja na gari kwenye kadi. Kadi ilikuwa imeondoka na Mwingereza. Bila kadi, ilibidi kubadilisha kompyuta ya gari, na bei waliyotaja ilikaribia nusu ya bei ya gari zima. Hayo ndiyo waliyosema. Neno la wizi Chege alilijazia mwenyewe njiani.

"Kila ulichoniletea kimo ndani ya ufunguo ule," alisema Wekulo. "Nipe nikukatie, uone kwa macho."

"Ukate wewe? Utaipenyeza nyingine kwa kiganja. Nawajua mafundi."

"Hunijui mimi."

"Mashine ya pesa zile zote inasema hakuna kitu. Wewe na tupa yako unasema kipo. Nimwamini nani, bwana?"

Vijana walikuwa wamemaliza nati. Mmoja wao, kwa aibu, alimwambia Wekulo kwa sauti ya chini, "Mzae, usituchukie, tumetumwa tu." Waliinua jiliwa wakaipakia kwenye mkokoteni. Chege alisema atakaa nayo hadi Jumamosi. Chipu isipopatikana, ataiuza, kisha apeleke habari polisi. Mkokoteni ukapita mbele ya mfereji, na wanawake wakaupisha njia kama watu wanavyopisha jeneza.

Nekoye, mkewe Wekulo, alikuwa amesimama mlangoni na furushi lake la mitumba kichwani, tayari kwenda sokoni. Alilitua.

"Baba Nelima, uliweka nini ndani ya simba yule?"

"Niliweka kilichokuwemo."

Hapa pana desturi ambayo mtu wa nje hawezi kuijua. Wafua shaba wa Kambi Muru hutengeneza vitu kwa chuma cha mteja: mtu huleta bomba bovu, kufuli lililokufa, kikombe cha ushindi cha marehemu babake, ndivyo vinavyoyeyushwa. Kwa kuwa shaba iliyoyeyuka haina sura, mteja hawezi kujua kama iliyorudi ni yote. Kwa hiyo sheria yao ni kwamba hakuna kinachobaki kwa fundi. Hata unga wa tupa hufagiliwa, ukafungwa katika kipande cha gazeti, ukarudishwa pamoja na kazi. Wekulo alipovunja kile kichwa cha plastiki, alikuta ndani yake punje ya kioo, ndogo kama ya mchele, na ndani ya kioo uzi mwembamba wa rangi ya shaba uliozungushwa. Hakujua kazi yake. Hakuhitaji kujua. Ilikuwa mali ya mteja, na ilitoka ndani ya kichwa. Akatoboa shingo ya simba, akaipachika mle kwa gundi, akaziba kwa kizibo cha shaba, akapiga tupa hadi mahali pa kizibo pakapotea. Hakumwambia Chege. Kwa maoni yake, mtu hajisifii kutoiba.

Kufikia adhuhuri watu watatu walikuwa wamekuja kuchukua vyuma vyao. Hawakusema neno baya. Mzee wa kwaya aliyeleta kengele iliyopasuka alisema ameona heri asubiri msimu wa mavuno. Mama mmoja alisema mumewe amebadilisha nia. Wa tatu hakutoa sababu. Alichukua mabomba yake, akatikisa mfuko mara mbili sikioni kama anayepima uzito kwa kusikiliza, akaondoka. Huyo ndiye aliyemuumiza Wekulo kuliko yule aliyemwita mwizi.

"Utakaa hapo mpaka lini?" aliuliza Nekoye.

"Sina chombo cha kufanyia kazi."

"Miguu unayo. Kuna msichana kule Satellite, Christine Adero, hununua nguo kwangu. Anatengeneza redio na alamu za magari. Amesomea. Ukimwambia jambo asilolijua, atasema halijui."

"Nikamlilie mtoto wa watu?"

"Usilie. Uliza."

Wekulo alikuwa mtu wa Bungoma, mwumini wa Kanisa la Marafiki, aliyelelewa kuamini kwamba mwenye haki hunyamaza na haki yake humsemea. Lakini siku hiyo haki ilikuwa imenyamaza pia. Akavaa koti, akamfuata Nekoye hadi Satellite.

*

Duka la Adero lilikuwa na upana wa kitanda. Ukutani palikuwa na diploma yake ya politekniki katika fremu, na chini ya diploma, redio zilizofunguliwa matumbo. Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na kitu, mwenye miwani, na alisikiliza kisa chote bila kuondoa macho kwenye kazi aliyokuwa akiichomelea, hadi Wekulo alipofika kwenye ile punje.

"Rudia hapo, mzee. Ilikuwaje?"

"Kioo. Kama mchele. Ndani uzi umezungushwa."

Adero aliweka chini chuma chake cha kuchomelea. "Ukaifunika na nini?"

"Shaba."

"Pande zote?"

"Pande zote. Mimi siachi tundu kwenye kazi yangu."

"Hilo ndilo tatizo sasa," alisema Adero, na kitu kama tabasamu kikapita usoni mwake. "Ulipoipachika, uliipasha moto?"

"Nilitumia gundi. Kwa nini?"

"Ingekuwa umechomelea ningekwambia urudi nyumbani uage jiliwa yako. Moto mkali huiua. Hata hivyo siahidi kitu. Huenda ilikanyagwa pamoja na plastiki ikapata ufa. Huenda ni nzima. Hatujui mpaka tuione."

"Na ikiwa imekufa?" aliuliza Nekoye.

"Basi itaonekana kwamba hakuiba, lakini gari halitawaka. Sijui Chege atachagua kuona lipi."

Walitoka pamoja, Adero akiwa na mfuko wa vyombo begani.

*

Buchani kwa Chege, jiliwa ya Wekulo ilikuwa imewekwa juu ya kaunta, kando ya mizani ya nyama. Mteja mmoja alikuwa akizungusha mpini wa jiliwa hiyo, akisifu ulaini wa skrubu yake. Wekulo alitazama pembeni.

"Mmeleta wakili?" Chege alisema.

"Nimekuja kuona gari, Mzee Chege," alijibu Adero. "Rimoti inafungua milango?"

"Inafungua vizuri. Taa zinawaka, linalia. Ndiyo maana nasema gari lenyewe linanijua, kilichoibwa ni kwenye ufunguo."

"Rimoti ni bawabu wa milango tu. Injini ina mlinzi wake, na hao wawili hawajuani. Washa nione."

Gari lilikuwa nyuma ya bucha. Chege aliingiza ufunguo, simba wa shaba akiwa kati ya vidole vyake, akazungusha. Injini iliitika, ikanguruma, ikafa. Kwenye dashibodi taa ndogo nyekundu yenye picha ya ufunguo ilikuwa ikikonyeza haraka haraka.

"Taa hiyo inasema nimeita, sikujibiwa," alisema Adero. "Tumkate simba."

Chege alikubali kwa sharti. Jiliwa ingefungwa papo hapo kwenye kaunta. Msumeno angeushika Adero. Wekulo asisogee. Punje ikipatikana, atarudishiwa chombo chake. Isipopatikana, asikisikie tena.

Adero alijua nyaya, hakujua shaba. Msumeno uliruka, ukachora manyoya ya shingoni mwa simba, ukakwama. Wekulo alivumilia kadiri alivyoweza. "Uegemeze, binti, usiusukume," alisema. "Utaivunja iliyomo."

"Basi akate mwenyewe," alisema Chege, amechoka. "Lakini avue koti. Na sweta. Na mikono aionyeshe."

Nekoye alifungua mdomo, Wekulo akamtazama, akaufunga. Baridi ya Julai ilikuwa ikipita mlangoni pamoja na harufu ya nyama, na wateja walikuwa wamesimama mstari. Wekulo alivua koti, akavua sweta, akabaki na fulana yenye matundu. Alinyoosha mikono, akageuza viganja juu, akatandaza vidole, kama mtoto anayekaguliwa kucha mbele ya darasa. Chege alikagua viganja vyote viwili. Kisha Wekulo akaushika msumeno na kuikata shingo ya kazi nzuri kuliko zote alizofanya mwaka ule.

Aliikata pale ambapo yeye peke yake alijua pana kizibo. Simba akafunguka. Wekulo aligonga taratibu kwa mpini wa tupa, na juu ya karatasi ya kufungia nyama ikadondoka punje ya kioo, na gundi kidogo ikiwa imeishikilia upande mmoja.

Mteja mmoja aliinama, akainuka. "Ni hiyo tu?" aliuliza.

"Ni kioo," alisema Chege. Sauti yake haikuwa tena ile ya asubuhi mbele ya mfereji. "Mashine ilisema hakuna kitu."

"Mashine ilisema haisikii kitu," alisema Adero. "Si maneno sawa." Aliigeuza punje chini ya lenzi yake, muda mrefu kuliko Wekulo alivyoweza kustahimili. "Sioni ufa. Twendeni."

Aliibandika punje kwa utepe pembeni mwa tundu la swichi, akaingiza ule ulimi wa ufunguo uliobaki bila kichwa, akauzungusha kwa koleo. Injini ikaitika. Ikanguruma. Watu wakasubiri ife, maana masikio yao yalikuwa yamezoea. Pumzi mbili zikapita, zikapita nyingine, na gari likaendelea kunguruma sawasawa, na ile taa nyekundu ikawa imezimika yenyewe.

Adero alizima. Alichukua nusu ya simba, akaifunika punje kwayo. Akawasha: likanguruma, likafa. Akaondoa shaba, akawasha: likaishi. Hakuhubiri. Alirudia mara moja zaidi, kisha akawageukia.

"Hapa, kuzunguka tundu la ufunguo, kuna waya wa mviringo. Ukizungusha ufunguo, waya huu huita. Punje haina betri. Haina nguvu yake yoyote. Inaamshwa na wito wenyewe, na kwa nguvu ya wito huohuo hujibu kwa jina lake. Gari likilisikia jina, hukubali. Shaba huzuia wito usiingie na jibu lisitoke. Punje hii ilikuwa imefungiwa chumba kisicho na mlango, inaitwa haisikii."

Wekulo alikuwa bado na fulana. Mkewe alikuwa amemshikia sweta, naye hakuipokea. Alikuwa ameishi na shaba tangu ujanani. Alijua sauti yake inapokuwa na ufa, alijua rangi yake kabla haijatiririka. Hakuwahi kufikiri kwamba kuna kitu kinachopita hewani, kisicho na sauti wala mwanga, ambacho kingefika kwenye kazi yake kikapiga hodi, na kazi yake ikakifungia nje kwa sababu tu ilifanywa vizuri.

"Binti," alisema, "naweza kuishika mimi?"

Adero aliibandua, akaiweka kiganjani mwake. Wekulo alifumba ngumi. Akaisogeza ngumi ile karibu na swichi, kama mtu anayeota moto mdogo.

"Washa."

Gari likawaka. Likaendelea. Wekulo alitazama ngumi yake. Ngozi, nyama, mifupa, damu inayozunguka: wito ulikuwa umepita katikati ya hayo yote, ukaikuta punje, ukarudi na jina, naye hakuhisi hata mwasho.

"Nguvu hiyo imepita mkononi mwangu," alisema.

"Imepita," alisema Adero.

"Tena."

Aliwasha tena. Nekoye alisogea, akaweka kiganja chake juu ya ngumi ya mumewe, na gari likawaka kupitia mikono ya watu wawili. Kule kanisani kwao watu huketi pamoja bila wimbo wala mahubiri, wakingoja. Nyuma ya bucha ile, kati ya ngozi za ng'ombe na moshi wa gari, ukimya wa namna hiyo ulishuka, na hata Chege alivua kofia yake, kisha akaonekana kujiuliza kwa nini ameivua.

Nekoye ndiye aliyeuvunja. "Kama inapita mfupa wa mtu," alisema, "itapita na wa ng'ombe."

*

Jumamosi Chege alikuja Kambi Muru kuchukua ufunguo. Kichwa chake sasa kilikuwa cha mfupa wa paja la ng'ombe, cheupe kama maziwa, kimesuguliwa hadi kikang'aa, bila mnyama yeyote juu yake. Punje ilikuwa ndani. Adero alikuwa amekwisha kuujaribu kwenye gari, na amemwagiza Chege amwandikie yule Mwingereza kuhusu kadi, kwa maana kuishi na ufunguo mmoja ni kuishi na jicho moja.

Jiliwa ilikuwa imefungwa mahali pake. Wekulo aliweka ufunguo juu ya meza, upande wake mwenyewe, na karibu na mkono wa Chege akaweka noti.

"Za nini?"

"Za kulivuta gari hadi mjini. Nimeuliza bei, ni elfu moja na mia mbili. Shaba iliyoziba ilikuwa yangu, na sikukwambia nilichokiweka ndani. Hilo ni kosa langu. Za Muia sikulipi. Pampu hukuambiwa na mimi uifungue."

Chege aliziangalia zile noti. Alijua zilikotoka: meza ya Nekoye kule Toi ilikuwa tupu wiki ile, kila kitu kimeuzwa. "Wacha, bwana," alisema. "Weka. Wewe ulikosa kidogo, mimi nilikosa kidogo. Tufute yote."

"Hayafutani."

"Naongeza basi. Hata mia tano."

"Mimi nakulipa deni lako ili ubaki na langu peke yake," alisema Wekulo. "Uliniita mwizi pale, mbele ya watu wale. Kengele ya kanisa imeondoka hapa. Pesa hazitairudisha."

Chege aligeuza kichwa. Foleni ya mitungi ilikuwa ndefu kama ilivyokuwa siku ile. Alizichukua noti, akazitia mfukoni, akavuka mtaro, akasimama karibu na mfereji na kusema jambo akiwa ameelekeza macho kwenye viatu vyake.

Mama Mercyline alifunga maji. "Hatukusikia, Baba," alisema kwa upole. "Jumanne tulikusikia mpaka relini. Leo una kifua?"

Wanawake walicheka, si sana. Chege alisafisha koo.

"Nimesema Wekulo hakuniibia. Nilimsingizia. Kitu changu kilikuwa ndani ya ufunguo wakati wote, alikiweka yeye, na mimi ndiye niliyekosa."

Mara hii ilisikika hadi kwenye ukuta wa kanisa na zaidi. Alirudi kibandani, macho yake yakiwa mekundu kwa baridi au kwa jambo jingine. Wekulo alikuwa amekwisha kuuchukua ufunguo mezani.

"Limelipwa," alisema, na akautia mkononi mwa Chege.